Jina Nililolisafisha Mbele ya Waheshimiwa

Kosa ni langu. Nasema hivyo mapema kwa sababu najijua: nikianza kueleza nitapata sababu, na sababu zangu huwa nzuri sana. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitumwa dukani nawaza nikikosa nilichotumwa nitasema nini, kabla hata sijavaa viatu.

Kwa siku nne swali moja lilininyima usingizi. Mtu ameahidi kutunza siri. Anaulizwa swali, anajibu kwa maneno ambayo kila moja ni la kweli. Je, amesema uongo? Asubuhi nilijipa jibu moja, nikilala likageuka. Wewe ninayekueleza haya hunijui, na labda ndiyo maana naweza kukueleza.

Nilikuwa Guangzhou, mwaka ule China ilipokuwa inajiandaa kwa Olimpiki. Nilikuwa nimemaliza chuo kule kule. Shahada mkononi, kazi hakuna, viza ya kumwomba Mungu. Nilikula kwa kuwatafsiria wafanyabiashara wetu kwenye maduka ya jumla ya Guangyuan, ambako nguo huuzwa kwa robota.

Aliyenifundisha kazi ni Dada Upendo, mama wa watoto wawili kutoka Mbeya, aliyekuja mara tatu au nne kwa mwaka kununua nguo. Siku yangu ya kwanza naye laobani, yaani mwenye duka, alifungua robota la suruali. Ya juu ilikuwa nzuri, mshono umenyooka.

"Dada, hizi safi," nikasema.

Akacheka. "Mwanachuo, hiyo ya juu umewekewa uitazame. Utakayoiuza iko katikati." Akazamisha mkono mpaka begani, akavuta suruali isiyo na zipu. Laobani akaanza kupunga mikono, meiyou, meiyou, hakuna nyingine kama hiyo. Upendo akazamisha mkono tena.

Shika hilo la robota. Nitalirudia.

Sasa, sisi Watanzania wa pale tulikuwa na jumuiya yetu, na jumuiya ilikuwa na orodha. Ilianza kwa nia njema. Wafanyabiashara wengi, wake kwa waume, walilala kwenye gesti za Waafrika wenzetu, nyumba za ghorofani zenye vyumba vinne au vitano na jiko moja la kuchangia. Mwanamke mmoja alishikwa kwa nguvu na mpangaji mwenzake. Wazee wakakubaliana: mwanaume anayedhuru wanawake jina lake liandikwe, karatasi ibandikwe mlangoni mwa jiko katika kila gesti, asipokelewe popote. Wa kwanza akaandikwa, baadaye wa pili. Wote wawili walikuwa na mlalamikaji, na wote waliitwa wakasikilizwa.

Kisha ikaja misako. Polisi walipanda ngazi za magorofa wakidai pasipoti, wakaingia saluni na nyumba za kukanda watu. Wanaume wetu waliokutwa huko walipewa karatasi za kosa. Mwingine alikutwa chumbani kwa mchumba wake, hajajiandikisha polisi kwenye anwani hiyo, naye akapewa karatasi. Mwenyekiti wetu, mzee muuza jinzi, mtu wa haraka, akasema: "Wote wamekamatwa kwa mambo ya wanawake, wote waingie." Hakuna aliyeitwa, hakuna aliyeulizwa. Orodha ikafika majina kumi na moja.

Aliyekutwa kwa mchumba wake anaitwa Elia. Kijana wa Singida, muuza simu, mpole kupita kiasi. Jina lake lilipigwa picha likafika nyumbani kabla yake. Kanisani kwao wakasimamisha ndoa yake na binti yule yule aliyekutwa naye. Aliniambia, "Dada, mimi hata sijui nimeandikwa kwa kosa gani. Ningejua ningetubu."

Wa kumi na moja anaitwa Gervas. Yeye alikutwa saluni ambayo haikuwa na mkasi hata mmoja. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yake.

Lakini mimi nilijua jambo lingine la Gervas.

Miezi miwili kabla ya misako, Dada Upendo aliniita nimtafsirie duka la dawa. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba. Nikamwambia mwenye duka ameanguka, kwa kuwa ndivyo alivyoniambia. Tulipotoka nje akakaa kwenye ukingo wa barabara, akasema, "Sijaanguka." Wapangaji wenzake walikuwa wamekwenda bandarini Nansha kuona kontena likipakiwa. Gervas akaingia chumbani kwake, akamziba mdomo, akamkunja mkono. Aliokolewa na kelele za mwenye gesti akirudi kutoka sokoni na mifuko yake.

"Usinitaje popote," aliniambia. "Mume wangu akisikia, safari zangu zimekwisha. Niapie."

Nikamwapia.

Aprili, wakati wa maonyesho ya biashara, walikuja wabunge wetu watatu. Walisikia habari za ile orodha, wakavutiwa nayo. Nyumbani kulikuwa na mazungumzo ya kuanzisha daftari la watu wenye makosa ya kingono, na wao wakaona letu ni mfano ulio tayari. Walimwambia Mwenyekiti awape nakala wakaifikishe wizarani, majina yaangaliwe mtu anapoomba pasipoti.

Hapo ndipo watu waliposhtuka. Kubandikwa mlangoni mwa jiko ni kitu kimoja. Kubandikwa serikalini, kwa kosa ambalo hukuulizwa, ni kitu kingine. Jumuiya ikaomba kuonana na waheshimiwa, wakatupa nusu saa, siku ya Jumatano, hotelini kwao. Mimi, kwa kuwa nina shahada, nikafanywa katibu wa waraka.

Waraka ule nauamini mpaka leo. Niliandika kwamba asiandikwe mtu bila mlalamikaji. Kila anayeandikwa aambiwe kosa lake na ajibu. Jina lisikae milele bila kuangaliwa upya, na wale tisa wa misako waondolewe. Nilikaa nao wiki nzima nikifuta na kuandika.

Kilichobaki kilikuwa msemaji. Mimi nilimtaka Elia. Tukamjaribisha. Alisema sentensi mbili, ya tatu akalia.

"Huyu atatuharibia," Mwenyekiti akasema. "Nusu saa yote tutambembeleza. Aende Gervas. Ana suti, ana picha ya watoto, ana ulimi."

Gervas akacheka. "Mzee, hata ng'ombe nitamshawishi avae viatu."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, na hicho kicheko kinanichoma kuliko mengine yote.

Ningeweza kusema, "Yeyote isipokuwa huyu." Kulikuwa na wengine saba. Wangeuliza kwa nini, ningesema sipendi tu. Badala yake nikaanza kuwaza. Nimeapa. Sina ushahidi. Nikimkataa watachimba, wakichimba watafika kwa Upendo. Na kwa karatasi yake Gervas ni kama wenzake, hana mlalamikaji. Na Elia atapona wakipona wote. Niliwaza mpaka kunyamaza kukaonekana ni busara.

Kisha nikafanya zaidi ya kunyamaza. Nikamwandikia hotuba. "Mimi ni baba wa mabinti wawili," nilimwandikia. Nikamwambia atue hapo kidogo.

Jumatano tulikaa kwenye viti laini vya hotelini, chai ya majani mabichi mbele yetu, haina sukari, Mwenyekiti akiitazama kama dawa. Gervas alisema vizuri mno. Alipofika kwenye mabinti wawili, alitua. Mheshimiwa mmoja akatikisa kichwa kwa huruma.

Kati ya wabunge wale mmoja alikuwa mama, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa kimya muda wote. Alipoongea hakumwuliza Gervas. Aliniuliza mimi.

"Binti, wewe ndiye katibu?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Hawa tisa mnaotaka watoke. Mna uhakika hakuna hata mmoja aliyemgusa mwanamke kwa nguvu?"

Gervas alikuwa ananitazama kwa utulivu kabisa. Hakujua kwamba najua.

"Mheshimiwa," nikasema, "hakuna lalamiko lolote lililoandikwa."

Unaona? Kila neno la kweli. Nilikuwa nimeliandaa tangu Jumatatu, kwa kuwa nilihofia swali hilo litakuja. Mama yule akavaa miwani, akaandika kitu, akasema, "Haya." Wakakubali kutoibeba orodha. Wakachukua waraka wetu, wakaahidi kwenda kuusemea. Elia alikuwa anasubiri chini kwenye ngazi. Nilipomwambia alinishika mikono yote miwili.

Kesho yake Mwenyekiti, mtu wa haraka, alizunguka gesti zote akabandua orodha. Yote, pamoja na wale wawili wa kweli. "Tutaandika mpya," akasema. Nilimwambia waraka haukusema hivyo. "Mwanachuo," akanijibu, "umeshinda, kapumzike."

Ijumaa asubuhi simu yangu ikalia. Dada Upendo. Alikuwa ameingia mjini Jumanne, amepanga kwenye gesti ile ile alikoshambuliwa, kwa kuwa mlangoni mwa jiko jina la Gervas lilikuwa limebandikwa na alijua hapo hatampata.

"Gervas yuko jikoni," akasema, taratibu. "Anakaanga mayai."

Nilikimbia. Mwenye gesti, Mama Bea, Mkongo wa Bukavu, alinipokea mlangoni na mwiko mkononi. "Miye nifanye nini, ma chérie? Président wenu alikuya hapa yeye mwenyewe, akatosha ile liste ku mlango. Akasema wabunge wamekubali, ni watu wazuri. Miye napangisha chumba, siko polisi."

Upendo alikuwa tayari chini barabarani na mabegi mawili. Alikuwa amelipia mzigo nusu na hakuwa amechagua hata robota moja. Nikashika begi, akalivuta kwake.

"Ni kweli ulimwandikia maneno ya kusema?" akaniuliza. "Mama Bea ananiambia alisema vizuri, na mwanachuo ndiye aliyemfundisha."

"Dada, niliapa. Ulisema nisikutaje."

"Nilikuomba usinitaje." Hakupandisha sauti. "Sikukuomba umsifie."

Nikashika mkanda wa begi la pili, nalo akalivuta.

"Na wabunge wakauliza?"

"Waliuliza."

"Ukasemaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno. Akasema, "Umelifunga vizuri robota lako, mdogo wangu." Akasimamisha teksi. Alikwenda kukaa kwenye hoteli ya Wachina, mbali na watu wetu, peke yake, bila lugha, na kikombe chenye picha ya simba na yai alichozoea kutumia kwa Mama Bea akakiacha kabatini.

Usidhani niliamka papo hapo nikawa shujaa. Ijumaa yote niliwaza. Jumamosi niliwaza. Nikisema, waheshimiwa watauchana waraka wote, na Elia atarudi shimoni kwa kosa langu. Nisiposema, nimemfungulia mlango mtu ambaye nyumba zote zilikuwa zimemfungia, japo kwa sababu isiyo yake. Niliona pande zote mbili kwa usawa, kama nionavyo siku zote, na nikagundua kwamba huko kuona pande zote ndiko nilikokuwa najificha. Gervas alikuwa analala kwa Mama Bea. Kila siku niliyowaza, yeye alikuwa na ufunguo.

Jumamosi jioni nilimtumia Upendo ujumbe. Wabunge wanaondoka kesho. Naomba ruhusa niseme ukweli, bila jina lako.

Jibu lilikaa sana. Lilipokuja lilikuwa fupi. "Sema. Jina langu liache."

Jumapili nilipanda basi la uwanja wa ndege, nikawakuta huko Baiyun kwenye foleni ya mizigo, masanduku yamefungwa kwa plastiki. Mheshimiwa mama alikuwa wa mwisho. Nikamwamkia shikamoo, nikaomba dakika tano.

"Umeshapata zaidi ya hizo, sema huku natembea," akasema.

Nikasema. Kwamba yule msemaji wetu alimshambulia mwanamke, kwamba nilijua, kwamba jibu langu la Jumatano nililiandaa ili nisidanganye na nisiseme kweli. Kwamba mwanamke huyo ameniruhusu kusema, lakini jina lake siwezi kulitoa.

Hakushangaa. Alivua miwani. "Nilihisi," akasema. "Nilikuuliza habari za mwanamke, ukanijibu habari za makaratasi."

Nikainamisha kichwa.

"Sasa niambie. Huyo kijana mwingine, uliyemwandika kwamba alikutwa kwa mchumba wake. Naye umempamba?"

"Hapana, Mheshimiwa. Huyo ni kweli tupu."

"Jumatano ungesema vilevile kuhusu huyu."

Hiyo ndiyo gharama, ndugu msomaji. Nilidhani nikisema ukweli nitamharibia Elia. Kumbe nilikuwa nimeshamharibia, tangu nilipomtanguliza Gervas. Ukweli wake ulikuwa umefungwa robota moja na uongo wangu, na aliyezamisha mkono akakuta suruali mbovu hakuwa na sababu ya kuamini zilizobaki.

Akautoa waraka mkobani. Niliona kwamba atauchana. Badala yake akanipa pamoja na kalamu. "Andika nyuma. Mmoja mmoja, kwa jina. Unachokijua, umekijuaje, na usichokijua. Sina ahadi yoyote ya kukupa. Foleni inakwenda."

Nikaandika juu ya kitoroli cha mizigo, kikisogea, nikisogea nacho. Kwa Elia niliandika namba ya simu ya mchumba wake, ili aulizwe yeye mwenyewe. Kwa watatu niliandika "sijui", kwa sababu kwa kweli sikujua, na katika wiki nzima ya kuwatetea sikuwahi kuwauliza. Kwa Gervas niliandika yote, bila jina la dada yule. Chini nikaweka langu.

Sijui karatasi ile iliishia wapi. Ndoa ya Elia ilikuja kufungwa, mwaka uliofuata. Alinitumia kadi, lakini salamu zake zilikuwa fupi, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza kila kitu. Dada Upendo hakunitumia tena kutafsiri. Nasikia siku hizi ananunua Uturuki. Anajua kuchagua, atapata mzigo mzuri popote. Mimi ndiye ninayemkumbuka kila nikiona nguo iliyokunjwa vizuri.

Kwa hiyo wewe unayesoma, pengine unatetea watu walioonewa, na kazi yako ni njema. Itetee. Lakini ukifika mahali pa kuchagua nani asimame mbele, usichague anayependeza huku moyoni unajua kitu. Na ukijikuta unatunga jibu lisilo uongo, simama hapo hapo. Anayesema kweli hahitaji siku tatu za kuitunga. Mimi nilihitaji tatu za kuitunga na nne za kuitengua, na katika hizo mtu mwingine ndiye aliyebeba mabegi barabarani.

Nimalizie na Jumapili ile ile. Kutoka uwanja wa ndege sikwenda kwangu. Nilikwenda kwa Mama Bea. Nilikuwa nimeandika karatasi ndani ya basi, sentensi chache: kwamba Gervas asipewe chumba kwenye nyumba yenye wanawake, kwamba alimshambulia mpangaji mwenzake, kwamba mwenye swali aniulize mimi, na jina langu kamili. Chini niliacha nusu ukurasa mtupu, juu yake nikaandika: Majibu ya Gervas.

Nilikuwa nimedai haki hiyo kwa ajili ya watu wote. Nisingemnyima hata yeye.

Gervas alikuwa mezani jikoni na sahani ya wali. Nilibandika karatasi mlangoni mwa jiko, pale pale penye alama ya gundi ya orodha ya zamani, nikafunga kalamu kwa uzi pembeni yake. Gundi ikanishika vidole. Mama Bea akaja, akasoma polepole, midomo ikitembea. Akanitazama. Kisha akamtazama Gervas.

Gervas akainuka, akasoma naye. "Mwanachuo," akasema, "huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu. Na jina ni langu. Nafasi yako hiyo hapo chini."

Alishika kalamu. Nilisimama nikasubiri, na kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa nawaza chochote. Aliishika kwa muda, akaiachia ikaning'inia kwenye uzi, akaenda chumbani kufunga begi.